Tairi za Pikipiki za Zamani: Namba Kwanza, Duka Baadaye

Maelezo yaliyotolewa kwa wamiliki wa pikipiki za zamani, waendeshaji bodaboda na mafundi wa jua kali katika siku ya usalama barabarani ya kaunti.



Katika kaunti hii bado ziko pikipiki zenye umri unaowazidi wengi wa wanaoziendesha. Nyingine ziliachwa na maafisa wa kilimo waliokuwa wakizunguka mashambani, nyingine na makatekista, nyingine na walimu wakuu. Ziko BSA na Triumph kutoka Uingereza, ziko Honda hamsini na Honda sabini, ziko Yamaha na Suzuki za miaka ya sabini na themanini ambazo bado zinatoa moshi wa samawati zikipanda mlima. Injini zake hufufuliwa kila siku. Bushi hukerezwa, kabureta husafishwa, waya wa klachi huungwa. Kinachozilaza ghalani ni tairi. Fundi mwenye mikono mizuri anaweza kutengeneza karibu kila kipande cha pikipiki kuukuu hapa hapa, isipokuwa mpira unaoishikilia barabarani.

Na kwa sababu tairi ni shida kupata, watu huweka chochote kinachoingia. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Kuna mwalimu mstaafu wa kaunti hii aliyerithi BSA Bantam kutoka kwa marehemu babake. Pikipiki hiyo ndogo ya cc 125 ilianza kuuzwa mwaka 1948, na mchoro wake ulitokana na pikipiki ya Kijerumani, DKW, baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwalimu aliitunza vizuri. Zaidi ya miaka ishirini iliyopita alinunua tairi mpya ya mbele, akaitundika stoo chini ya mabati ikisubiri siku yake. Siku hiyo ilipofika, tairi ilikuwa bado na vile vinywele vya mpira vya kiwandani. Meno yote yalikuwa kamili. Ilifungwa, ikajazwa upepo, na mjukuu akapanda kwenda sokoni. Kwenye mteremko ubavu wa tairi ulifunguka kama mfuko wa karatasi uliolowa maji. Kijana alivunjika mfupa wa bega. Alipona, na ni bahati kwamba hapakuwa na lori nyuma yake.

Tairi ile haikuwa imekwenda hata kilomita kumi. Ilikufa ikiwa imetundikwa. Mpira huzeeka hata usipotumika: joto la mabati, mwanga wa jua, na ile hewa kali inayotoka kwenye cheche za umeme, kama za mashine ya kuchomelea vyuma, huufanya mpira ukauke na kupasuka nyufa ndogo ndogo. Ndiyo sababu tairi ya akiba haifai kuwekwa karibu na karakana ya welding, na hakuna maana ya kununua tairi leo za kutumia miaka kumi ijayo.

Umri wa tairi umeandikwa kwenye ubavu wake. Mtu atafute herufi DOT, kisha afuate mstari huo hadi mwisho. Tairi zilizotengenezwa tangu mwaka 2000 huwa na tarakimu nne mwishoni. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Kwa hivyo 3523 ni wiki ya 35 ya mwaka 2023. Ikiwa kuna tarakimu tatu tu, tairi hiyo ilitoka kiwandani kabla ya mwaka 2000, na hakuna haja ya kuendelea kusoma. Ile ya mwalimu ilikuwa na 238, yaani wiki ya 23 ya mwaka unaoishia na 8. Iwe ni 1998 au 1988, jibu ni moja. Kama maandishi yamefutwa kwa sandipepa, au muuzaji anasema tairi yake haina tarehe, mnunuzi arudishe pesa mfukoni na atoke.

Mafundi wengi hukunja ubavu wa tairi kwa vidole gumba na kutazama kama nyufa zinafunguka. Ni kipimo kizuri, lakini hakitoshi peke yake, kwa sababu baadhi ya wauzaji hupaka mafuta au rangi ya viatu ili mpira ung'ae. Tarehe haipakwi rangi ya viatu.

Sasa tuje kwenye saizi, maana hapa ndipo wengi wanapotea njia.

Tairi za zamani zilipimwa kwa inchi. Ukisoma 3.25-19, namba ya kwanza ni upana wa tairi, inchi tatu na robo, na ya pili ni kipenyo cha rimu mahali tairi inapokaa. Tairi za siku hizi nyingi huandikwa kwa mtindo mwingine, kwa mfano 90/90-19. Hapo 90 ya kwanza ni upana kwa milimita, 90 ya pili ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia 90 ya upana huo, na 19 ni inchi za rimu vile vile. Kwa kawaida 90/90 hukaribiana na 3.25, na 100/90 hukaribiana na 3.50. Kukaribiana si kulingana. Tairi ya mtindo mpya inaweza kuwa pana kidogo kuliko ya zamani, na kidogo hicho kikatosha kugusa mnyororo au madigadi wakati abiria amepanda nyuma.

Mtu asipime rimu kwa tepu kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje. Kosa hili limewagharimu watu pesa nyingi. Ukingo wa rimu hupita mahali tairi inapokaa kwa karibu nusu inchi kila upande, kwa hiyo rimu ya inchi 18 ikipimwa namna hiyo itaonyesha takriban 19, na ya 19 itaonyesha takriban 20. Mtu ataagiza tairi kutoka ng'ambo, asubiri, alipe ushuru, na siku ya kufunga agundue kwamba inaizunguka rimu kama bangili kwenye mkono wa mtoto. Rimu nyingi zimepigwa muhuri wa kipimo chake. Isuguliwe kwa brashi ya waya, upande wa ndani au karibu na tundu la valvu, hadi maandishi yaonekane. Kwenye pikipiki za Uingereza huwa kama WM1-19 au WM2-18. WM1 ni rimu yenye upana wa inchi 1.60, WM2 ni 1.85, na WM3 ni 2.15. Upana huo una maana yake: tairi nene ikibanwa kwenye rimu nyembamba hujikunja juu kama mgongo wa kobe, na pikipiki huyumba kwenye kona.

Jina la pikipiki pia halitoshi. Bantam ya mwalimu ni ile ya kwanza kabisa, D1, ambayo tairi yake ni 2.75-19. Jirani yake ana Bantam pia, ila ni D7, ambayo hutumia 3.00-18. Jina moja, kiwanda kimoja, lakini mwenye D7 anaweza kuingia duka lolote la spea za bodaboda na kutoka na tairi, kwa sababu 3.00-18 ndiyo saizi inayovaliwa nyuma na pikipiki nyingi za mizigo zinazoingia nchini. Mwenye D1 akiingia duka hilo hilo ataambiwa inchi 19 haijulikani.

Hili ndilo jambo la kuelewa kabla ya kuanza kuzunguka mjini: duka huuza kile bodaboda wanachomaliza. Boxer zinavaa inchi 17, nyingine zinavaa 18, kwa hivyo 17 na 18 zimejaa kila kituo cha biashara hadi vijijini. Pikipiki za mtindo wa kupanda milima huvaa inchi 21 mbele na 18 nyuma, na hizo pia hupatikana mjini, ingawa si kila siku. Mwenye Honda XL au Yamaha DT ya zamani asikate tamaa mapema, maana 2.75-21 na 4.10-18 zake ndizo zilezile zinazotumiwa na pikipiki mpya za aina hiyo. Honda hamsini nayo ina rimu ya inchi 17. Hiyo ni pikipiki ya ukoo wa Super Cub, ulioanza mwaka 1958 na kupita milioni 100 kufikia mwaka 2017, kwa hiyo dunia haijaacha kuitengenezea tairi. Tahadhari moja tu: tairi ya nyuma ya Boxer, 3.00-17, ni nene mno kwa Honda hamsini. Rimu ni inchi zile zile, lakini mpira utasugua.

Inchi 19 ndiyo yatima. Hata hivyo yatima huyu ana ndugu India. Pikipiki ya Royal Enfield Bullet ilianza kuunganishwa Madras mwaka 1955, na ikaendelea kutengenezwa huko muda mrefu baada ya kampuni mama ya Uingereza kufunga milango. Bullet ilivaa 3.25-19, na nyingine 3.50-19 nyuma. Kwa sababu hiyo viwanda vya tairi vya India, kama MRF na Ceat, havikuacha kuzitengeneza saizi hizo wakati Ulaya ilipokuwa inazisahau. Mwenye BSA au Triumph yenye 3.25-19 mbele ataokoa pesa nyingi akianza kuuliza kwa wanaoleta vipuri vya pikipiki za Kihindi kabla ya kutazama Uingereza.

Kwa saizi ngumu zaidi, wako watengenezaji wanaojali pikipiki za kale. Dunlop bado wana K70, yenye sura ya miaka ya sitini. Heidenau wa Ujerumani na Mitas wa Ulaya ya Kati wana orodha ndefu ya saizi za inchi. Shinko wa Korea wana tairi zenye meno ya kizamani, na Coker wa Marekani, walioanza mwaka 1958, wanatengeneza hata za pikipiki za kabla ya vita. Zile za miaka ya mwanzo kabisa, ambazo tairi yake ina mdomo unaonasa ndani ya rimu iliyokunjwa, ni habari nyingine. Mwenye nayo asiiguse kwa vyuma vya kubandulia kabla ya kumpata mtu anayezijua.

Kenya yenyewe haiwezi kutegemewa kwa hili. Kiwanda cha Nairobi kilichotengeneza tairi za Firestone, na baadaye Yana, kilisimamisha uzalishaji mwaka 2016. Tairi ya pikipiki ya kale itatoka nje. Anayeagiza akumbuke kwamba bei anayoiona kwa muuzaji wa ng'ambo ni mwanzo tu. Kuna usafirishaji, na tairi ni kitu chepesi kinachokula nafasi, kwa hivyo hutozwa kwa ukubwa wake. Kuna ushuru wa forodha, kuna VAT ya asilimia 16, na kuna ada nyingine za kuingiza bidhaa. Wakala wa forodha aulizwe hesabu yote kabla ya shilingi ya kwanza kutumwa. Na muuzaji aombwe picha ya ubavu inayoonyesha saizi na tarehe ya tairi ileile atakayoituma. Mwenye jamaa Uingereza amtume dukani akaisome kwa macho yake.

Mwalimu hakuagiza peke yake. Aliuliza kanisani na sokoni, akapata wengine wanne wenye rimu za inchi 19 ambao pikipiki zao zilikuwa zimesimama kwa sababu hiyo hiyo. Waliagiza pamoja, na gharama ya usafiri ikagawanywa. Kabla ya hapo alikuwa ameshauriwa mambo matatu, na yote matatu yanasikika kila siku kwenye vibanda.

La kwanza, atumie tairi kipara iliyochongwa meno upya kwa kisu cha moto. Biashara hiyo iko kando ya barabara nyingi, na inafaa kusemwa waziwazi kwamba kwenye pikipiki ni kumchimbia mtu kaburi. Tairi ya pikipiki haina mpira wa ziada chini ya meno. Kisu kikipita hapo kinafika kwenye nyuzi.

La pili, atie gaita, yaani kipande cha tairi kuukuu ndani ya ile iliyopasuka, ili asogee nayo. Mkokoteni unaweza kusogea namna hiyo. Gari lina magurudumu mengine matatu ya kulishikilia. Pikipiki ikipoteza gurudumu la mbele haina la kuazima.

La tatu, abadilishe rimu aweke ya inchi 18. Ushauri huu si mbaya, na haufai kuwekwa kwenye kapu moja na hiyo miwili. Mtu anayetumia pikipiki ya zamani kutafutia riziki, anayebeba maziwa kila alfajiri, hawezi kungoja meli. Kwa hesabu ya kawaida tairi ya 2.75-19 ina kimo cha inchi 24 na nusu, na 3.00-18 ina inchi 24, kwa hiyo tofauti ni ndogo. Lakini kazi hiyo inahitaji spoku za urefu mpya na fundi anayejua kunyoosha gurudumu lisipepesuke, na ikague breki na madigadi kama zina nafasi. Kukata spoku za zamani na kuzichomelea ni mwiko. Rimu ya asili isafishwe, ipakwe mafuta na ihifadhiwe, kwa sababu siku pikipiki itakapouzwa kwa mpenzi wa vitu vya kale, au kupelekwa kwenye maonyesho kama yale ya Concours d'Elegance ya Nairobi, rimu hiyo itakuwa na thamani yake. Mwalimu alikataa kwa sababu ya heshima ya babake. Mwenye maziwa angefanya vyema kukubali.

Tairi ikishapatikana, kuna maandishi mengine ubavuni yanayofaa kusomwa kabla ya kulipa. Baada ya saizi huwa na namba na herufi, kwa mfano 54P. Namba 54 inamaanisha tairi inaweza kubeba kilo 212, na herufi P ni mwendo wa hadi kilomita 150 kwa saa. Herufi haisumbui pikipiki kuukuu. Namba ndiyo ya kutazama, hasa ya gurudumu la nyuma, kwa mtu anayebeba abiria au magunia. Kuna pia TT na TL. TT ni tairi ya kutumia tyubu, TL ni isiyohitaji. Rimu ya spoku ya pikipiki ya zamani hupitisha upepo kwenye matundu ya spoku, kwa hiyo tyubu ni lazima, na iwe mpya na ya saizi ya tairi. Tyubu kubwa hujikunja ndani na kukatika kwenye mkunjo. Tyubu ndogo hutanuka hadi ikawa nyembamba kama puto. Utepe wa mpira unaofunika vichwa vya spoku usisahauliwe. Ni kitu cha bei ndogo sana, na ndio unaozuia pancha inayotoka ndani.

Wakati wa kufunga, mshale uliochorwa ubavuni, kama upo, ufuate mzunguko wa gurudumu. Maji ya sabuni yatumike, si oili ya injini, kwa sababu oili hula mpira. Karibu na rimu kuna mstari mwembamba uliozunguka tairi yote. Ikishajazwa upepo, mstari huo uwe umbali sawa na rimu kila mahali. Ukizama upande mmoja, tairi haijakaa, na ni lazima itolewe upepo na kuanza upya. Kisha kilomita 100 za kwanza ziendeshwe taratibu, hasa kwenye lami yenye mvua, kwa kuwa tairi mpya hutoka kiwandani ikiwa na utelezi. Kwenye barabara zetu za murram, meno yenye mapengo mapana hushika vizuri zaidi kuliko yale ya mistari mirefu ya lami, na anayepita tope kila siku asichague kwa sura.

Tairi ya zamani iliyotolewa isirudishwe stoo, na isichomwe moto. Ikatwe ubavu kwa msumeno kabla ya kutupwa, ili isije ikaokotwa, ikachongwa meno na kurudi sokoni.

Mafundi wenye vipimo vya rimu wako chini ya mwembe ule hadi saa kumi jioni, na wataandika saizi ya kila pikipiki kwenye karatasi bila malipo. Wenye rimu za inchi 19 waandike pia jina na kata wanayotoka kwenye daftari lililo mezani. Wale watano walioagiza pamoja wanakusudia kuagiza tena, na wangependa kuwa wengi zaidi.